Goti la Bandia na Upasuaji wa Pili

Katika lugha ya hospitali ya siku hizi pana neno ambalo wachunguzi wa Kiswahili hawana budi kulitazama kwa makini, nalo ni kihatarishi. Umbo lake halina taabu. Kitenzi ni hatarisha, kilichotokana na hatari, neno lenye asili ya Kiarabu. Kimepewa ki- mbele na -i nyuma kwa kanuni ile ile iliyozaa kiunganishi, kivumishi na kiwakilishi. Kila neno la jamii hii lataja kitu kinachotenda. Kiunganishi huunganisha, kiwakilishi huwakilisha. Basi kihatarishi, kwa sheria ya umbo lake, ni kitu kinachohatarisha. Walakini waganga watumiapo neno hili aghalabu hawana maana hiyo. Wakusudia hali ambayo, watu wakihesabiwa, imeonekana kufuatana na madhara fulani mara nyingi kuliko ilivyotazamiwa, hata kama hali hiyo yenyewe haikutenda lolote. Tofauti baina ya maana hizi mbili yaweza kuonekana kuwa ni ya wanasarufi peke yao. Historia ya goti la bandia, na hasa ya magoti ambayo yalilazimika kupasuliwa mara ya pili, yaonyesha kwamba sivyo.

Kazi yenyewe yaelezeka kwa maneno machache. Goti likiisha kulika, gegedu limekwisha na mifupa yasagana, mpasuaji hukata ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi. Ile ya juu huvikwa kofia ya madini, ile ya chini hutandikwa sahani, na kati yake hutiwa kipande cha polithini ngumu. Pia ya goti, ambayo wengine huiita kilegesambwa, hubandikwa kipande chake cha polithini au huachwa ilivyo. Upasuaji wa pili ni ule ambao kipande chochote cha vitu hivi hubadilishwa, huongezwa au huondolewa. Ndiyo maana iliyowekwa na daftari la Sweden, ambalo habari zake zitafuata. Msomaji aikumbuke maana hiyo, kwa sababu mgonjwa anayerudi hospitali akilalamika maumivu, akapewa vidonge na kurudishwa nyumbani, hayumo ndani yake.

Mwanzo ni Berlin. Tarehe 20 Mei 1890 Themistocles Gluck alimtia msichana wa miaka 17 goti la bawaba lililochongwa kwa pembe ya ndovu, bidhaa ambayo miaka ile ilikuwa moja ya nguzo za biashara ya Unguja. Goti la msichana lilikuwa limeharibiwa na kifua kikuu. Ili kuishikiza pembe mfupani Gluck alitumia mchanganyiko wa utomvu mkavu wa msonobari, unga wa jiwe jepesi la volkano na jasi. Kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri, na habari zake zikasomwa mbele ya waganga wa mataifa mengi waliokutana Berlin mwaka ule ule. Kisha maradhi yakarejea katika viungo alivyovitengeneza, usaha ukatoka, na Ernst von Bergmann, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wapasuaji wote wa mji ule, akampinga vikali. Gluck mwenyewe alifikia kukubali kwamba kiungo chenye kifua kikuu hakifai kutiwa kitu cha kigeni. Hicho ndicho kihatarishi cha kwanza katika historia hii, na neno lakifaa kwa kila herufi yake: vijidudu vilikuwamo gotini kabla ya kisu, na vikatenda.

Baada ya hapo yalipita miaka 60 bila jambo kubwa. Katika mwaka wa 1951 Börje Walldius wa Sweden alianza kutumia bawaba ya akriliki, baadaye akaibadilisha kuwa ya madini. Na katika miaka hiyo hiyo Shiers wa Uingereza akatengeneza ya kwake. Kosa lao lilikuwa moja, na fundi yeyote wa milango angeweza kuwaambia. Bawaba hukunja na kukunjua, basi. Goti hufanya hivyo, lakini pia huviringika, huteleza na kujizungusha kidogo kila hatua. Mtu aliyetiwa bawaba akigeuka ghafula, nguvu ya kule kugeuka haina pa kwenda ila kwenye mashikizo, yaani pale madini yanapoingia mfupani, mashikizo yakalegea. Tena bawaba hizo zilitaka mfupa mwingi ukatwe ili zipate nafasi, hata zilipoharibika mpasuaji wa pili alikuta hakuna mfupa wa kushikia kitu kipya. Wengi waliishia kuunganishwa mifupa miwili ikawa mmoja, mguu ukawa kama mkongojo usiokunjika. Na baadhi walikatwa mguu. Ni wangapi hasa, haiwezekani kusema kwa jumla, maana kila mpasuaji alihesabu wagonjwa wake mwenyewe, na wale walioharibikiwa mara nyingi walikwenda kwa mpasuaji mwingine.

Maarifa yaliyoliokoa goti yalitoka nyongani. John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko kaskazini ya Uingereza, alianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwatia wagonjwa nyonga zenye kikombe cha teflon, kitu kitelezi kama kamba la samaki. Baada ya miaka michache vikombe vililika, chembe zake zikawasha nyama na kula mfupa, na Charnley akalazimika kuwapasua tena watu wake mwenyewe, mmoja mmoja, karibu mia tatu kwa jumla ya waliotiwa. Mnamo Novemba 1962 alianza kutumia polithini nzito badala yake, ikishikizwa pamoja na madini kwa saruji ya akriliki. Frank Gunston, kijana wa Kanada aliyekuwa akijifunza kwake, aliingiza vitu hivyo gotini mwaka wa 1968. Freeman na Swanson wa London waliendelea, na mwaka wa 1974 Insall, Ranawat na Walker wa New York wakatoa goti ambalo karibu yote ya leo ni wajukuu wake: lisilo na bawaba, lenye kuyategemea makano ya mgonjwa mwenyewe kulishika lisiyumbe.

Charnley aliacha jambo la pili ambalo husahauliwa. Aliona kwamba usaha mwingi hautoki kwa mgonjwa wala kwa mikono ya mpasuaji; hutoka katika hewa ya chumba. Akajenga kibanda cha kupasulia ambamo hewa iliyochujwa ilipulizwa daima. Watu walimcheka. Jambo likabaki na ubishi mpaka mwaka wa 1982, Lidwell na wenzake walipotoa hesabu ya upasuaji zaidi ya 8,000 wa nyonga na magoti katika hospitali za Uingereza na Sweden: waliopasuliwa katika hewa safi walipata usaha wa ndani chini ya nusu ya wenzao. Wakati huo huo Buchholz wa Hamburg alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba saruji yaweza kuchanganywa na dawa ya kuua vijidudu. Kwa hiyo kwa muda wa karibu miaka 90, tangu Gluck mpaka Lidwell, sababu za upasuaji wa pili zilitafutwa katika kitu kilichotiwa, katika ufundi wa kukitia, na katika chumba. Mgonjwa hakutajwa sana, ila kwa maradhi aliyokuja nayo.

Badiliko lilikuja na daftari. Katika mwaka wa 1975 wapasuaji wa Sweden, wakiongozwa na Göran Bauer wa Lund, walianza kuandika kila goti la bandia lililotiwa nchini mwao na kila lililopasuliwa tena, popote pale. Nchi ile humpa kila mkazi nambari moja ya maisha, kwa hiyo mtu aliyetiwa goti Malmö na kupasuliwa tena Stockholm hakupotea. Norway iliyaandika magoti tangu 1994, Australia tangu 1999, Uingereza na Wales tangu 2003. Faida yake ilikuwa kubwa. Aina za magoti zilizokuwa zikisifiwa katika matangazo ziligunduliwa kuwa mbovu, na wenye magoti ya upande mmoja waliotiwa katika hospitali zenye kufanya kazi hiyo mara chache walionekana kurudi zaidi kuliko wale wa hospitali zenye kuizoea. Lakini daftari lina safu zake, na safu ni chache: umri, mume au mke, maradhi, baadaye uzito. Kitu kinachoandikwa ndicho kinachohesabiwa. Na kinachohesabiwa ndicho kinachoitwa kihatarishi.

Chukua umri. Mwaka wa 2017 Bayliss na wenzake walitoa hesabu iliyotokana na kumbukumbu za waganga wa Uingereza, zaidi ya magoti 54,000. Katika kila mia, 96 yalikuwa hayajapasuliwa tena baada ya miaka 10, na karibu 90 baada ya miaka 20. Hiyo ni sifa kubwa kwa kazi ya binadamu. Lakini hesabu ilipogawanywa kwa umri, waliotiwa goti wakiwa na zaidi ya miaka 70 walikuwa na nafasi ya watu 5 hivi katika mia kupasuliwa tena maishani mwao. Wanaume waliotiwa wakiwa na miaka 50 hadi 54 walikuwa 35 katika mia. Wanawake wa umri huo walikuwa pungufu sana ya wanaume. Basi ikaenea katika vitabu kwamba ujana, yaani ujana wa miaka 50, ni kihatarishi.

Ujana haulegezi saruji wala hauli polithini. Nyuma ya tarakimu ile yamo mambo manne au matano yasiyofanana. La kwanza ni la hesabu tupu: mtu wa miaka 52 ana miaka mingi ya kuishi na goti, na mzee wa miaka 80 mara nyingi hufa kabla goti halijachakaa. Kifo humlinda mzee asipasuliwe, lakini hakuna atakayekiita kifo kinga. La pili ni matumizi. Mwenye miaka 52 hulima, hubeba, hupanda ngazi. La tatu, anayehitaji goti mapema kiasi hicho mara nyingi aliwahi kuvunjika au kupasuliwa kwa jambo jingine, na kovu la zamani ni adui wa kovu jipya. La nne, mpasuaji huona tabu ndogo kumpasua tena mtu mwenye nguvu, na mgonjwa mwenyewe hana subira na maumivu. Na katika hesabu ile ile pana tarakimu moja iliyopita bila kelele nyingi: miongoni mwa waliotiwa goti kabla ya miaka 60 wakapasuliwa tena, nusu yao walipasuliwa kabla ya kutimiza miaka minne na nusu. Kuchakaa hakufanyi kazi kwa haraka hiyo. Hao walirudishwa na usaha, na kuyumba, na maumivu, na matarajio yaliyovunjika, mambo ambayo neno umri halisemi kitu juu yake.

Jambo la polithini lafundisha zaidi, na lastahili kuelezwa kwa urefu. Kwa miaka mingi viwanda vilisafisha vipande vya polithini kwa miale ya gama, huku vikiwa vimefungwa katika pakiti zenye hewa. Miale iliua vijidudu kama ilivyotakiwa. Lakini pia ilikata minyororo midogo iliyounda polithini, na minyororo iliyokatwa ikashikana na oksijeni ya hewa ile ile iliyomo ndani ya pakiti. Kipande kikaanza kuzeeka kikiwa kabatini. Kilichokaa miezi miwili kabla ya kutiwa kilikuwa na nguvu. Kilichokaa miaka mitano au zaidi chaweza kuwa kimekwisha kuwa kikavu chini ya uso wake, tayari kubambuka kama rangi ya ukuta wenye chumvi. Macho hayakuona tofauti. Uchunguzi wa vipande vilivyotolewa magotini ulidhihirisha jambo hili katika miaka ya 1990, na viwanda vikabadili desturi: vikaondoa hewa ndani ya pakiti au vikatumia njia nyingine ya kusafisha. Hans-Georg Willert wa Ujerumani alikuwa amekwisha kueleza tangu miaka ya 1970 nini hufuata. Chembe zinazobambuka humezwa na seli za mwili zenye kazi ya kula taka. Seli zikashindwa kuziyeyusha, zikatoa vitu viwashavyo, na mfupa wa karibu ukaliwa.

Sasa fikiri juu ya mgonjwa wa mwaka wa 1988 aliyetiwa kipande kilichokaa kabatini miaka sita. Katika daftari aliandikwa umri wake, kwamba ni mwanamume, na maradhi yaliyolila goti lake. Tarehe ambayo kipande kilitoka kiwandani haikuwa na safu. Goti lilipolika alihesabiwa miongoni mwa vijana, au miongoni mwa wanene ikiwa uzito wake ulijulikana, na sababu iliyotenda ikabaki nje ya karatasi. Hapa sarufi ya kihatarishi ilidanganya kabisa, kwa kuwa ilimpa mtu tendo la kitu.

Kwamba sababu hubadilika kwa zama laonekana katika hesabu mbili zilizotoka Philadelphia, kwa mkono wa Sharkey na wenzake. Ya kwanza, ya mwaka wa 2002, ilichunguza upasuaji wa pili 212: robo yake ilihusika na kulika kwa polithini, karibu robo nyingine na kulegea, karibu 21 katika mia na kuyumba, na 17 au 18 na vijidudu. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walirudi katika miaka miwili ya kwanza. Ya pili, ya mwaka wa 2014, ilikuwa na upasuaji 781, na kulika kwa polithini kulikuwa kumeshuka chini ya 4 katika mia. Kulegea kulikuwa karibu 40, na vijidudu 27. Mwanadamu hakubadilika kwa miaka 12. Kilichobadilika ni polithini.

Hayo hayana maana kwamba mwili wa mgonjwa hauna neno. Kisukari kisichotawaliwa, uvutaji wa sigara, baridi yabisi pamoja na dawa zinazodhoofisha kinga, vyote hukaribisha vijidudu, na njia vinavyopitia yajulikana. Unene ndio wenye utata. Katika unene mkubwa kupita kiasi kidonda hukawia kupona na usaha huongezeka, na kwa sababu hiyo mwaka wa 2013 kamati ya wapasuaji wa nyonga na magoti wa Marekani ilishauri upasuaji ufikiriwe kuahirishwa kwa mtu ambaye uzani wake kwa kipimo cha urefu wapita 40. Juu ya kulegea kwa saruji ushahidi haukukaa upande mmoja. Hata hivyo katika kliniki nyingi shauri limegeuka kuwa mlango uliofungwa: mtu aliyezuiwa na maumivu asitembee huambiwa atembee kwanza apungue, kisha arudi. Neno lililokusudiwa kumwonya mpasuaji limekuwa hukumu ya mgonjwa.

Unyofu wa mguu nao una kisa chake. Wapasuaji wa miaka ya 1970 walishika kanuni kwamba mstari wa nyonga hadi kifundo lazima upite katikati ya goti, na kupotoka kwa nyuzi zaidi ya tatu ni hatari. Kanuni iliaminiwa miaka 30 hivi. Mwaka wa 2010 Parratte na wenzake wa kliniki ya Mayo walipima magoti 398 yaliyofuatwa miaka 15, na yale yaliyokuwa ndani ya nyuzi tatu hayakudumu kuliko yaliyokuwa nje. Mpotoko mkubwa bado hudhuru. Nyuzi tatu zilikuwa nambari tu.

Kiswahili kina neno ambalo lingesema kweli zaidi juu ya umri na mfano wake, nalo ni kiashiria. Umbo ni la jamii ile ile ya ki-, na tendo lake ni kuashiria tu: huonyesha kwa kidole mahali pa kutazama, pasipo kudai kwamba limetenda. Vijidudu, polithini iliyozeeka na hewa chafu ya chumba vyaweza kubaki vihatarishi. Umri na jinsia ni viashiria. Unene, kwa ushahidi uliopo, ni kihatarishi kwa usaha na kiashiria tu kwa kulegea. Kugawa hivi ni kazi ndogo kwa mtunga istilahi, lakini karatasi ambayo mgonjwa husomewa kabla ya kutia sahihi ingekuwa karatasi nyingine.

Jambo si dogo kwake, kwa sababu upasuaji wa pili haufanani na wa kwanza. Deere na wenzake walionyesha mwaka wa 2021, kwa daftari la Uingereza, kwamba katika waliopasuliwa mara ya pili mmoja kati ya watano alipasuliwa mara ya tatu ndani ya miaka 13. Kati ya hao wa tatu, mmoja kati ya watano alirudi ndani ya miaka 5. Na kwa waliofuata, ndani ya miaka 3. Kila mara mfupa hupungua na kovu huongezeka.

Yabaki swali ambalo madaftari hayakuliuliza kwa muda mrefu, la kama kupasuliwa tena ni kipimo cha goti au cha uamuzi. Mwaka wa 2010 Goodfellow, O'Connor na Murray wa Oxford waliyaangalia magoti ya New Zealand ambayo wenyewe waliyatolea alama mbaya kabisa kwa maumivu na kushindwa kutembea. Magoti yaliyobadilishwa upande mmoja, ambayo ni rahisi kugeuzwa kuwa goti zima, yalipasuliwa tena kiasi cha 63 katika mia. Magoti mazima yenye alama mbaya ile ile yalipasuliwa tena 12 tu katika mia. Waliosalia 88 walibaki na maumivu yao, na daftari likawahesabu kuwa wamefanikiwa. Tangu Aprili 2009 hospitali za umma za Uingereza zimekuwa zikimwuliza mgonjwa mwenyewe, kabla ya upasuaji na miezi sita baadaye, goti lamtendeaje.

Katika sehemu hii ya Afrika, Malawi ilianzisha daftari lake la viungo vya bandia mwaka wa 2005. Daftari la nchi moja, hata likiwa zuri, huishia mpakani. Mtu wa Tanga au Mombasa aliyetiwa goti Chennai, akarudi kwao, na baada ya mwaka akaona usaha, ataandikwa na hospitali ya kwao kuwa ni mgonjwa mpya mwenye goti lililoharibika, bila jina la kiwanda, bila namba ya pakiti; na huko Chennai, maadamu hakurudi, goti lake lingali zima.